Myuoni ni za Bure, Chumba ni cha Pesa: Uzamili wa Fizikia Ujerumani

Safari ya kwenda kusomea fizikia Ujerumani huanzia benki. Asiye na ufadhili anatakiwa aweke euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungiwa, wenyewe wanaiita Sperrkonto, kabla ubalozi haujampa viza ya masomo. Ndicho kiwango tangu Septemba 2024. Ukifika unaruhusiwa kutoa euro 992 kwa mwezi na si senti zaidi, hata kama amana ya chumba inadaiwa siku hiyohiyo. Ada ya chuo haipo katika majimbo mengi, unalipa mchango wa muhula tu; Baden-Württemberg ndiyo iliyojitoa, tangu 2017 inawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula. Kwa hiyo ile elimu ya bure unayosimuliwa ipo kweli, ila uonyeshe kwanza kwamba unazo makumi ya milioni za shilingi za Tanzania.

Maombi ya vyuo vingi hupitia uni-assist, ofisi inayokagua vyeti vya wageni kwa niaba ya vyuo: euro 75 kwa chuo cha kwanza, 30 kwa kila kinachofuata. Alama zako wanazigeuza kwa fomula ya Bavaria. Chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wenu, toa uliyopata, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu kabisa na ile ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, halafu ongeza 1. GPA ya 4.2 kwenye mfumo wa 5 ambao kufaulu huanzia 2.0 inatoka 1.8, na huko 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu. Programu nyingi hutaka usizidi 2.5, yaani GPA ya 3.5. Lakini wengi hukwama hata GPA ikiwa nzuri, maana kamati hutafuta mekanika ya kwanta, elektrodinamiki na fizikia ya takwimu kwenye nakala ya matokeo na kukuta namba za kozi zisizosema lolote. Ambatisha muhtasari wa kila kozi: mada, saa za mihadhara, saa za maabara, kitabu kilichotumika. Idara ikikwambia haina muhtasari, kaa hapohapo hadi uandikwe na kugongwa muhuri.

Kufika kwenyewe sina la kusimulia: ndege, treni, mvua. Ndani ya wiki mbili za kuhamia lazima ujiandikishe manispaa, ukiwa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Bila karatasi hiyo hakuna namba ya kodi, na kibali cha ukaazi hakisogei. Tangazo la chumba likisema bei "baridi", jua kwamba joto, maji na takataka vitaongezwa juu yake. Amana haitakiwi kuzidi kodi baridi ya miezi mitatu, na sheria inakuruhusu uilipe kwa awamu tatu. Wenye nyumba hawaji kukukumbusha hilo. Halafu kuna mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Mkipanga wanne nyumba moja, mmoja alipe na wengine watume namba yake, la sivyo barua za madai zitawafuata wote.

Shahada yenyewe ni krediti 120 kwa miaka miwili, na kwa kawaida mwaka wa pili wote ni wa utafiti na tasnifu. Mwaka wa kwanza uzito wake uko kwenye karatasi za mazoezi. Kila somo la nadharia linatoa moja kwa wiki, na katika kozi nyingi asiyefikisha nusu ya alama za mazoezi haruhusiwi kuingia mtihani. Nadharia ya uga wa kwanta ukiichukua pamoja na nyingine mbili za aina hiyo, Jumapili zako zimekwisha. Chukua moja nzito kwa muhula, jaza kwa kozi za majaribio.

Kilichonishika hasa ni maabara. Inaitwa Fortgeschrittenenpraktikum, yaani maabara ya waliokwisha piga hatua, wanafunzi huikata kuwa F-Praktikum. Mnafanya wawili wawili, na kabla hamjagusa hata swichi mnakalishwa na msimamizi mhojiwe. Mkishindwa kujibu, mnarudishwa na kupangiwa tarehe nyingine. Kwa aliyezoea maabara ya kupewa karatasi ya hatua na kujaza jedwali, mahojiano haya yanatisha kuliko mtihani.

Jaribio letu lilikuwa kupima uhai wa myuoni. Chembe hii ni ya ukoo mmoja na elektroni, ila ina uzito wa mara 207 hivi, na huzaliwa kama kilomita 15 juu ya vichwa vyetu, protoni za anga za mbali zinapogonga hewa. Msimamizi wetu, mwanafunzi wa udaktari mwenye kikombe cha kahawa mkononi, alianza na swali lililoonekana la kitoto. Myuoni imezaliwa juu huko, akasema, imepita mawingu, paa na dari. Nyinyi mnawasha saa pale tu inaposimama kwenye bamba lenu. Mnapimaje uhai wa kitu ambacho hamjui kina umri gani?

Kimya. Mwenzangu akaangalia daftari, mimi nikaangalia dirisha.

Jibu ni kwamba kuvunjika kwa chembe hakuna kumbukumbu. Myuoni iliyokwisha kuishi kitambo na iliyozaliwa sasa hivi zina uwezekano uleule wa kuvunjika katika nanosekunde ijayo, kwa hiyo saa unaiwasha utakapo na mteremko wa grafu ya muda wa kuvunjika unabaki mmoja. Tulipolifikia, akaongeza: uhai wa wastani ni maikrosekunde 2.197, na hata kwa mwendo wa mwanga hiyo ni mita 660 tu, sasa zinafikaje chini? Hapo ndipo uhusianifu wa Einstein unapoacha kuwa wa vitabuni: saa ya chembe inayokwenda kasi hivyo inachelewa ikitazamwa kutoka ardhini. Rossi na Hall walichapisha vipimo vyao vya jambo hilo mwaka 1941, walivyovifanya milimani Colorado. Akaendelea hivyo hadi kahawa ikapoa, kisha akatufungulia mlango.

Ndani kuna mabamba matatu ya sintileta, plastiki inayotoa mmweko chembe ikipita, kila moja sentimita 50 kwa 50, yamepangwa moja juu ya jingine: A juu, B katikati, C chini. Kila bamba limegandishwa kwenye fotomaltiplaya, bomba la kioo linalokuza mmweko huo zaidi ya mara milioni hadi uwe mpigo wa umeme. Vyote vimefungwa kwa plastiki nyeusi na utepe mweusi. Kazi ya kwanza ni kuwasha na kuzima taa ya dari huku ukitazama kaunta: hesabu ikiruka, mwanga unapenya, tafuta tundu ulizibe. Usifungue kifuniko volteji kubwa ikiwa imewashwa, maana mwanga wa chumba utaliua bomba hapohapo, na bei yake mtaisikia mkiwa mmesimama.

Kisha mnatafuta volteji ya kufanyia kazi. Anzia volti 1,500, panda 50 kwa 50, hesabu sekunde 100 kila hatua na uchore grafu. Itapanda, italala bapa, kisha itaruka tena kelele zikianza. Chagua katikati ya bapa. Kuna njia nyepesi ya kujua kama umepatia: karibu na usawa wa bahari hupita kama myuoni moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika, kwa hiyo bamba la sentimita za mraba 2,500 linapaswa kusoma takriban 40 kwa sekunde. Ukisoma 400 unahesabu kelele, ukisoma 10 kizingiti cha mpigo, yaani kimo cha chini kabisa kinachohesabiwa, kimekaa juu mno. Kianzishe kwenye milivolti 30 halafu urekebishe.

Saketi inauliza swali moja. A na B zimepiga pamoja, C imekaa kimya? Basi chembe imesimama ndani ya B, washa saa. Mpigo mwingine ukitokea B au C ndani ya maikrosekunde 20, hiyo ni elektroni inayotoka myuoni ikivunjika, zima saa na uandike muda. Ukiwa na mabamba mawili tu hujui iliyosimama na iliyopita moja kwa moja. Mbinu hii ya kudai vihisi vipige pamoja aliianzisha Walther Bothe, Berlin, miaka ya 1920, na mwaka 1954 ikampa Nobeli.

Pale mambo yanapoharibika, huharibika kimyakimya. Kebo isiyofungwa kwa rezista ya ohmu 50 mwishoni hurudisha mpigo: ishara huchukua nanosekunde 5 kwa mita, kwa hiyo kwenye kebo ya mita 10, kwenda na kurudi, mwangwi unafika nanosekunde 100 baadaye na kuhesabiwa kama myuoni iliyovunjika. Histogramu, ile grafu ya idadi ya matukio kwa kila muda, inaota kilima mwanzoni, kizuri tu, na mtu anaweza kukikubali. Fotomaltiplaya nayo ina mipigo yake ya baadaye, inayoletwa na gesi kidogo iliyobaki ndani. Ndiyo maana maikrosekunde ya kwanza hukatwa isiingie kwenye hesabu.

Matukio yanayofaa huja machache, hivyo kaunta huachwa ikimbie wikendi nzima. Hapo ndipo tiketi ya nchi nzima inapopata kazi, ile iliyoanza 2023 kwa euro 49 kwa mwezi na kufika 58 mwaka 2025. Haipandi treni za kasi; unabadilisha za mikoani, ukikosa moja unasubiri saa nzima kwenye jukwaa la baridi. Nilikwenda Göttingen, makaburi ya Stadtfriedhof. Jiwe la Max Born, mmoja wa waasisi wa mekanika ya kwanta, limechongwa pq − qp = h/2πi. La Max Planck lina chini kabisa thamani ya h, namba ya msingi ya kwanta inayoitwa kwa jina lake, kwa erg na sekunde, na pembeni mtu alikuwa akipogoa ua bila kuinua kichwa. Kuingia ni bure, na katika nchi hiyo hilo linastahili kutajwa.

Jumatatu mna matukio 10,000 hivi. Shaka ya kitakwimu ni uhai ugawanywe kwa kipeuo cha pili cha idadi, yaani asilimia 1, maikrosekunde 0.022. Mnalinganisha data na mteremko wa kieksponensia pamoja na kiwango bapa cha chembe zilizobahatika tu kufuatana. Ukisahau hilo bapa, uhai unatoka mrefu kuliko ulivyo. Vyumba vya mwisho vya histogramu vina hesabu mbili tatu, hivyo mtumie mbinu ya uwezekano wa juu kabisa badala ya miraba midogo ya kawaida.

Tukapata 2.12. Mwenzangu akanuna, kwa sababu kitabu kinasema 2.197. Msimamizi ndiye aliyefurahi. Nusu karibu ya myuoni zinazofika zina chaji hasi, na hasi ikisimama kwenye kaboni ya plastiki hunaswa na kiini, hivyo huko huishi kama 2.03 tu, kwenye alumini 0.86, kwenye shaba 0.16. Chanya ni kama 1.27 kwa kila hasi 1. Changanya kwa uwiano huo, inatoka 2.12. Anayeleta 2.20 safi kutoka kwenye plastiki huitwa aeleze, na akishindwa ripoti haipokelewi.

Hapo mawazo yalinirudisha nyumbani, kwenye maabara za chuo ambako g, mchapuko wa mvutano wa dunia, lazima itoke 9.8 na kila mtu anajua kupika data ifike. Hatukupika kwa uovu. Alama ilikuwa kwenye jibu, penduli ilikuwa mbovu, na hakuna aliyeuliza ubovu wake ni wa kiasi gani. Nikafikiri jaribio hili hasa lingetufaa: chanzo chake kinashuka bure juu ya kila paa, pungufu kidogo karibu na ikweta kwa sababu uga wa sumaku wa dunia huzuia protoni zenye nishati ndogo. Siku hizi badala ya bomba la volti 1,800 kuna vihisi vya silikoni vinavyokwenda na volti 30 hivi. Ukuzaji wao hubadilika na joto, kwa hiyo andika nyuzijoto pamoja na kila data, na programu iandike kila tukio kwenye diski papo hapo, umeme ukikatika upoteze dakika na si wikendi. Nilimwandikia mwalimu wangu wa zamani haya yote, na orodha ya vifaa. Akajibu kwa kuuliza forodha watatoza kiasi gani.