Kitunguu hakikuwa dawa yangu

Aliyegundua upara wangu si mimi wala mume wangu. Ni msusi wangu wa Kirumba, hapa Mwanza, ambaye kibanda chake kiko karibu na soko la samaki la Mwaloni kiasi kwamba harufu ya dagaa na ya dawa ya nywele zimeshazoeana. Desemba 2022 alikuwa ananifumua rasta za wiki saba, akafika utosini akanyamaza. Msusi kunyamaza si dalili nzuri. Akaweka kidole gumba katikati ya kichwa changu, akakizungusha taratibu kama mtu anayejaribu kama rangi ya ukuta imekauka.

“Mwalimu, hapa ngozi inang'aa. Sina pa kushikia.”

Akanipiga picha kwa simu yangu. Niliona kiduara cha ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, laini, hata vile vitundu vinavyotoa nywele havipo. Juu ya masikio nywele zilikuwa zimerudi nyuma vidole viwili; hilo nilikuwa nalijua, nalifunika kwa kitambaa mwaka wa tatu. La utosini sikulijua, ingawa kwa miezi mingi palikuwa pananiwasha na kunichoma, na mimi nikasingizia mba.

Nafundisha Baiolojia, kidato cha kwanza hadi cha nne. Ungedhani ningefanya jambo la maana haraka. Nilianza na mafuta ya nyonyo, kwa sababu ndiyo aliyonipaka bibi. Yakafuata maji ya kitunguu, kwa sababu mwalimu mwenzangu alinirushia video. Kila jioni nilisaga vitunguu viwili, nikachuja kwa chujio la chai, nikapaka, nikafunga mfuko wa plastiki. Asubuhi niliosha kwa shampuu, lakini jua la saa sita likipiga kwenye bati la darasa harufu inarudi yenyewe. Siku moja kijana wa kidato cha pili akauliza kwa adabu zote, “Madam, leo kuna kachumbari?”

Wiki kumi nzima hivyo. Kiduara kikapanuka.

Kilichoniuma ni kwamba kitunguu si uzushi. Niliutafuta utafiti wenyewe nikaupata: ulichapishwa 2002, ulifanyika Baghdad, watu 23 walipaka maji ya kitunguu mara mbili kwa siku, na baada ya wiki sita 20 kati yao walikuwa wameota nywele. Ila wale walikuwa na alopesia areata, upara wa mabaka ambapo kinga ya mwili inashambulia nywele lakini vinyweleo vyenyewe vinabaki hai chini ya ngozi. Upara ule mara nyingi huota tena hata usipopaka kitu. Mimi nilikuwa nimechukua dawa ya kichwa kingine nikaiweka kwenye changu. Nikafungua daftari langu la maandalio, ukurasa wa nyuma, nikaandika: *Upara gani? Kichwa cha nani?* Tangu siku hiyo kila nilichosoma au kutumiwa nilikipitisha hapo kwanza.

Machi 2023 nikapanda kilima cha Bugando kwenda kliniki ya ngozi. Daktari alikuwa mtu wa makamo, amesomea ngozi Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha kanda kilichoanza 1992 na ambacho kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Hakuuliza napaka nini. Aliuliza nilianza kuweka dawa ya kunyoosha nywele mwaka gani, nasuka mara ngapi, nikisukwa naumwa kichwa usiku wa kwanza, nyumbani nani ana kisukari, na kama hedhi yangu ni nzito. Hilo la mwisho likanishangaza. Nikamwambia nina uvimbe kwenye kizazi, fibroidi mbili, zilionekana kwenye ultrasaundi 2019. Akaandika, akatikisa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilo.

Baadaye nilijua kwa nini. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walipitia kumbukumbu za wanawake weusi zaidi ya 487,000 wakachapisha 2018: kwa jumla, wenye fibroidi walikuwa asilimia 3.3, kati ya wale wenye upara wa makovu wa utosini, asilimia 13.9. Hawakusema kimoja kinaleta kingine. Lakini magonjwa yote mawili yana tabia ya mwili kutengeneza kovu kupita kiasi.

Daktari akasema lazima achukue kinyama cha kupima. Akapiga ganzi, na hiyo ndiyo iliyouma. Kilichofuata nilikisikia tu, sauti kama ya kukata papai bichi. Chombo chenyewe ni kibomba chenye makali, upana wa milimita nne. Nikaona hachukui katikati ya kiduara, anachukua ukingoni, mahali ambapo bado pana nywele. Nikamuuliza.

“Katikati moto umeshazima, mwalimu. Nitakuta majivu. Nataka pale panapowaka.”

Uzi mmoja wa kushona, plasta, nikarudi na daladala.

Majibu: seli nyeupe za damu zimezingira shingo za vinyweleo, na vinyweleo vingine vimeshageuka kovu. Ugonjwa una jina refu, wenyewe wanauita kwa herufi nne, CCCA. Kwa lugha ya kawaida ni upara wa makovu unaoanzia utosini na kutanuka kuelekea pembeni. Unawapata hasa wanawake wenye asili ya Afrika. Nywele za juu ya masikio zilikuwa na kesi yao tofauti: zimevutwa mpaka zimechoka. Kichwa kimoja, magonjwa mawili. Daktari hakunipamba: “Palipokwisha kuwa kovu sitakurudishia. Nataka pasiongezeke. Pembeni tunaweza kupata kitu.”

Nililia kwenye ngazi za hospitali. Sitaki kulificha hilo.

Nilipomweleza mama, naye akalia, kwa sababu yake. “Ni mimi niliyekuunguza, mwanangu. Ni kile kitana cha moto.” Alikuwa akikiweka kwenye jiko la mkaa kila Jumamosi, akinipaka mafuta na kuninyoosha nywele za kanisani. Na kweli, 1968 daktari mmoja Marekani aliuandika ugonjwa huu kwa jina la hicho kitana, akidhani mafuta ya moto yanaingia kwenye tundu la nywele na kuunguza. Baadaye ukaonekana pia kwa wanawake ambao hawajawahi kukigusa. Na 2019 ukachapishwa utafiti wa vinasaba: kati ya wanawake 58 wenye ugonjwa huu, 14 walikutwa na hitilafu kwenye jini liitwalo PADI3, linalohusika na kuunda unywele wenyewe. Unywele unatoka na kasoro tangu chini. Moto, dawa na kuvuta vinaweza kuwa vinaukuta umeshadhoofika. Nilimweleza mama hayo kwa Kisukuma changu kibovu cha mjini. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Kumbe. Lakini kitana kilikuwa cha moto sana.”

Neno *vinasaba* ndilo lililonipeleka Nansio. Dada yangu anaishi Ukerewe, na kwa miaka sijamwona bila kilemba. Sote tulijua ni mambo ya kanisa lake. Nilivuka na meli, tukala sato, na usiku nikamwambia, “Dada, nivulie.” Akakataa. Nikavua changu kwanza. Baka lake lilikuwa la ukubwa wa kiganja, linang'aa kwa mwanga wa taa. Hata shemeji hakuwa amewahi kuliona.

Sasa matibabu, niyaseme kwa kifupi maana yenyewe hayana hadithi. Sindano za steroidi kwenye ngozi ya kichwa kila baada ya wiki sita, mara nne. Zinauma kama siafu. Doksisaiklini miezi mitatu, na hapo si ya kuua vijidudu, ni ya kutuliza ule moto. Klobetasoli, steroidi kali ya kupaka, usiku, kisha kwa kupunguza. Dada wa duka la dawa aliponipa tyubu alinitazama mkono, akanitazama uso, akatabasamu: anajua inanunuliwa na wanaojichubua. Nikamwonyesha utosi. Akaacha kutabasamu.

Minoksidili ilikuja baadaye, kwa ajili ya pembeni. Hii ilianza kama kidonge cha presha. Wagonjwa wakaanza kuota nywele wasipozitaka, na 1988 Marekani ikaruhusu ya kupaka kwa upara wa wanaume. Upara gani, kichwa cha nani: si changu, lakini daktari alikuwa na sababu za kuijaribu pale ambapo vinyweleo vilikuwa bado hai. Chupa moja bei yake kama sangara wa kilo nne. Wiki ya tatu nywele zikaanza kutoka zaidi. Kama daktari asingenionya kwamba nywele zilizolala hudondoka kwanza kuzipisha zinazoamka, ningeitupa. Mashavuni nikaota malaika za kutosha kuchekwa ofisini. Na paka ilibidi ahamie jikoni: dawa hii ni sumu kali kwa paka hata kwa kulamba mto tu, na wetu alikuwa analala kichwani pangu.

Dawa ya kunyoosha nywele niliiacha baada ya jaribio la maabara. Nilichota kidogo kwenye kopo lililobaki nyumbani, nikaipeleka shuleni, nikagusisha karatasi ya pH mbele ya kidato cha tatu. Ikageuka zambarau: 12. Watafiti wa Cape Town walipima za madukani kwao 2019 wakapata karibu hiyohiyo, hata zilizoandikwa ni za watoto, wakati pH ya 11.5 tayari inahesabiwa kuwa inachoma ngozi. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa hukohuko na wenzake walikuwa wameshaonyesha zamani kwamba hatari ya upara wa kuvutwa ni kubwa zaidi pale unaposuka juu ya nywele zenye dawa. Ndiyo yalikuwa maisha yangu: dawa leo, rasta wiki ijayo, panado usiku.

Jingine nililofanya ni picha. Kila tarehe mosi, dirisha lilelile, saa moja asubuhi, rula ya shule juu ya kichwa, mume wangu akipiga na kulalamika. Bila hivyo ungejidanganya, maana nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi na kioo hakina kumbukumbu. Mwezi wa saba pembeni pakaanza kuwa na vinywele laini. Utosini: sentimita 3.1 nilipoanza kupima, 3.4 miezi minne baadaye, 3.4 mwaka mmoja baadaye. Kuwasha kukaisha. Hiyo 3.4 iliyosimama niliisherehekea kwa soda.

Mwaka 2024 nikasoma kwamba wanawake 12 wenye CCCA walipewa metformini, dawa ya kisukari, kidogo kila siku, na baadhi yao wakaota nywele palepale palipodhaniwa pameisha. Metformini! Iko kwenye kabati la mama, kopo la plastiki, karibu na chumvi. Nilisimama mbele ya lile kabati. Ugonjwa ni wangu, kichwa kinafanana na changu, safari hii maswali yote mawili yalijibiwa. Lakini watu 12, wala hapakuwa na kundi la kulinganisha. Nikampelekea daktari. Akasema tusubiri utafiti mkubwa, na akaniomba nisimwibie mama.

Dada yangu ameanza sindano. Mimi sasa nasukwa twende kilioni tu, mistari minene, bila kuongezea nywele, na msusi ananiuliza kila mstari, “Unauma?” Krismasi iliyopita nilimpeleka binti wa kaka yangu, miaka tisa, anataka rasta ndogondogo kama za jirani. Msusi akamsuka kubwa, zimelegea. Mtoto akajitazama kwenye kioo, machozi yakamlenga. “Shangazi, hazijabana.”

Msusi akanitazama. Tukamnunulia juisi ya miwa.