Siku moja maishani mwangu: nikizisaka nanosekunde mia nane

Saa 12:30 asubuhi

Nianze na hili, maana nimechoka kuulizwa kama mwanaastronomia hulala mchana ili akeshe usiku: hapana, silali mchana. Darubini ya redio haijali kama Jua limechomoza au mawingu yametanda. Inasikiliza mchana kutwa na usiku kucha, nami usiku nalala kama watu wengine. Ninachoamka nacho ni orodha ya faili zilizoingia nikiwa usingizini, kutoka kwenye dishi lililo mbali sana nami. Nimewahi kusimama chini yake mara moja tu, nikapiga picha kama mtalii.

Leo zimeingia faili za pulsa 14. Hakuna iliyokatika njiani. Nikajiambia siku itakuwa nyepesi.

Saa 2:00

Kabla sijasimulia kilichotokea, inabidi nieleze kidogo ninachofanya.

Pulsa ni mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka: tufe lenye upana wa kilomita 20 na ushei, lakini lenye uzito kuliko Jua letu. Linazunguka, na kwa kila mzunguko mwali wake wa redio hutupitia usoni kama taa ya mnara wa pwani inavyompitia baharia. Ninazofuatilia mimi ni zile za mbio. Moja yao, J0437-4715, huzunguka mara 173 kwa sekunde, na inatunza mwendo huo kwa uaminifu unaokaribia wa saa za atomiki. Ukiyageuza mapigo yake kuwa sauti, unasikia mvumo mmoja mnene usiokatika.

Kwa hiyo tuna saa zilizotapakaa angani. Tunazitumia kutafuta mawimbi ya mvutano, yale yaliyotokana na nadharia ya Einstein mwaka 1916, ila ya aina ndefu kupindukia, ambapo wimbi moja huchukua miaka kupita. Tunaamini mengi yanatoka kwa mashimo meusi makubwa mno, yale ambayo hata nuru haitoki ndani yake, yanayozungukana mawili mawili katikati ya galaksi. Wimbi kama hilo likipita, nafasi hutanuka na kubanwa, na mapigo ya pulsa huwahi au huchelewa kwa kiasi kinachohesabiwa kwa nanosekunde. Nanosekunde moja ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Nuru yenyewe, kwa muda huo, inasafiri sentimita 30 tu.

Kila asubuhi nafungua grafu ya kile tunachokiita masalio: tofauti kati ya wakati pigo lilipofika na wakati tulipolitegemea. Siku njema, vidoti vyote vinalala karibu na mstari wa sifuri.

Leo vidoti vitatu vya mwisho vya J0437 vilikuwa juu ya mstari, kwa nanosekunde kama 800.

Saa 3:00

Sikufurahi. Msomaji anaweza kudhani hapa ndipo mtu anaruka juu ya kiti. Katika kazi hii anayeruka ni mgeni. Mimi nina mpangilio wangu wa kushuku, nao hauna adabu: kwanza najishuku mimi, kisha programu, kisha mtambo, kisha saa ya kituo, kisha gesi iliyo kati yetu na nyota, kisha nyota yenyewe. Ulimwengu ni wa mwisho kwenye foleni.

Nikaanza na uchafu. Setilaiti, simu, rada za ndege, vyote hivyo hupiga kelele kwenye masafa yaleyale tunayosikilizia, tena kwa nguvu kushinda nyota mara nyingi mno. Nikapitia grafu moja baada ya nyingine nikifuta vipande vilivyochafuka. Kazi ya kuchambua mchele, hakuna jina zuri zaidi. Saa nzima ikaisha. Vidoti vikabaki palepale.

Nikafungua pulsa ya pili. Nayo ilikuwa juu kwa 800. Ya tatu, 800. Nilipofika ya tisa nilikuwa nimeshajua, nikaendelea tu kwa ubishi.

Kosa la namna hii lina sura yake. Zote zikichelewa pamoja, kwa kiasi kilekile, popote zilipo angani, basi hazijachelewa: saa yako ndiyo imesogea. Ukikosea mahali Mshtarii au Zohali ilipo, hesabu ya kitovu cha mfumo wa Jua inayumba, na hapo pulsa za upande mmoja wa anga zinawahi huku za upande wa pili zikichelewa. Mawimbi ya mvutano yana saini tofauti na hizo zote. Ukichukua pulsa mbili mbili, kufanana kwa masalio yao kunategemea pembe iliyo kati yao: zilizo karibu hufanana, zilizotengana kwa takriban nyuzi 80 hivi huelekea kupingana, na zilizo pande mbili za anga hurudi kufanana kiasi. Hellings na Downs waliichora pinda hiyo mwaka 1983, na ilichukua miaka 40 kuanza kuiona. Juni 2023 makundi ya Amerika Kaskazini, Ulaya pamoja na India, Australia, na China yalitangaza kwa pamoja kwamba inajitokeza. Waliuita ushahidi. Neno "ugunduzi" walilikwepa, na nawaheshimu kwa hilo.

Yangu haikuwa na pinda yoyote. Ilikuwa ubapa mtupu.

Saa 5:00

Jirani yangu wa meza yuko zamu ya tahadhari za LIGO, mitambo ya Marekani inayonasa mawimbi ya mvutano ya aina fupi. Simu yake hulia wakati wowote: wale wanatumia leza kwenye mabomba mawili ya kilomita 4, na wakihisi mtikisiko, ujumbe hutoka ndani ya dakika chache ili wenye darubini wakimbilie sehemu ile ya anga. Aliamshwa usiku wa manane. Mashimo mawili meusi yamegongana, mbali sana, na eneo la kutafutia lina ukubwa wa Miezi mipevu maelfu. Mashimo meusi kwa kawaida hayatoi nuru yanapoungana, hivyo akasoma, akarudi kulala.

Tunataniana. Yeye ishara yake inaisha kabla hajapepesa jicho. Ile ya kwanza kabisa, ya tarehe 14 Septemba 2015, ilidumu sehemu ya tano ya sekunde. Mimi yangu itaisha nikiwa nimestaafu. Lakini shida ni moja. Kituo chao cha Hanford kiliwahi kusumbuliwa na kunguru waliokuwa wakidonoa barafu kwenye bomba la mtambo wa kupoozea. Mtambo unaohisi mabadiliko madogo kuliko protoni mara mamia, sembuse mdomo wa kunguru?

Nikamwonyesha grafu. Akaangalia sekunde mbili. "Saa," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Saa 7:15 mchana

Chakula. Kwenye mlango wa maikrowevu yetu mtu amebandika karatasi: SUBIRI ILIE. Wageni hudhani ni mzaha. Kwenye darubini ya Parkes, Australia, kwa miaka 17 walipata miali mifupi ya ajabu iliyofanana na kitu kinachotoka nje ya galaksi. Mwaka 2015 wakathibitisha chanzo: watu waliofungua mlango wa maikrowevu kabla haijajizima. Hapa kwetu hakuna dishi hata moja karibu, lakini karatasi inabaki.

Saa 8:00

Nusu saa kwa video na wanafunzi wa sekondari. "Faida yake nini?" limeulizwa kama kawaida, nikalijibu kama kawaida. Kisha binti mmoja akauliza: "Dada, umewahi kutangaza kitu halafu kikawa si kweli?"

Nikamsimulia kisa cha Andrew Lyne, mwanaastronomia wa Uingereza. Mwaka 1991 yeye na wenzake walitangaza sayari inayozunguka pulsa, mwaka wake ukiwa miezi sita. Dunia nzima ikashangilia. Miezi sita, lakini, ni nusu ya mwaka wetu, na hilo likamkosesha raha. Akarudia hesabu akakuta marekebisho ya mwendo wa Dunia kulizunguka Jua hayakuwa sahihi vya kutosha: sayari ile ilikuwa kivuli cha Dunia yetu wenyewe. Januari 1992 alisimama Atlanta mbele ya mkutano wa wanaastronomia wa Marekani, waliomwalika aje aeleze sayari yake, akasema haipo. Ukumbi ukampigia makofi. Kwenye mkutano huohuo Aleksander Wolszczan alizungumzia sayari za pulsa nyingine, na zile zipo mpaka leo.

"Kwa hiyo wewe hujawahi?" binti akakaza. Nikamwambia aniulize tena jioni.

Saa 9:30

Nikamwandikia fundi wa kituo. Huwa namwita kaka ingawa hatujawahi kuonana.

"Kaka, mmebadilisha kebo wiki hii?"

"Kebo ya urefu gani?"

Swali zuri. Ndani ya kebo ishara hupita mita moja kwa nanosekunde kama 5, kwa hiyo 800 ni kebo ya mita 160. Hakuna mtu anayeongeza mita 160 za kebo kimyakimya.

"Ila tulizima umeme kwa matengenezo," akaandika, "na saa ilipangwa upya. Tumepima tofauti na GPS. Iko kwenye faili ya marekebisho, tangu siku ileile."

Hapo nikahisi masikio yanapata moto. Kila pigo tunalipa muda wa saa ya kituo, tunalihamishia kwenye GPS, kisha kwenye saa ya dunia inayotunzwa na BIPM, ofisi ya kimataifa ya vipimo iliyoko Ufaransa. Hatua ya kwanza inategemea faili hiyo. Nakala yangu ilikuwa ya mwezi uliopita. Programu ikifika mwisho wa faili huendelea na thamani ya mwisho na kutoa onyo. Maonyo yenyewe sikuyaona, kwa sababu mwezi Machi niliandika mstari mmoja wa kuyanyamazisha. Yalikuwa mengi, yananikera.

Nikafuta mstari ule. Skrini ikajaa maonyo 214.

Nikamjibu kaka: "Asante. Kosa ni langu." Akatuma kidole gumba.

Saa 11:00 jioni

Faili mpya, hesabu upya. Dakika 40 za kungoja, ambazo nilizitumia kuandika barua kwa kikundi kueleza kilichotokea, na kwamba matokeo ya wiki mbili zilizopita yasitumike. Barua fupi. Niliiandika mara nne.

Grafu zikarudi. J0437 imerudi kwenye mstari wa sifuri. Ya pili, ya tatu, ya tisa, zote zimelala kama watoto walioshiba. Nikazihesabu hadi 13.

J1022+1001 ilibaki juu kwa nanosekunde 250.

Saa 1:10 usiku

Ningeweza kuondoka. Lakini pulsa hiyo iko karibu kabisa na njia ambayo Jua hupitia angani, na kila mwishoni mwa Agosti Jua hupita karibu nayo. Mawimbi yake ya redio yanalazimika kupenya upepo wa Jua, na elektroni zilizomo huyachelewesha. Ucheleweshaji wa namna hiyo una alama: ukishusha masafa kwa nusu, unaongezeka mara nne.

Tunazo data za megahezi 1400 na 700 za siku ileile. Nikazitenganisha. Juu 250, chini 920. Mara nne ingekuwa 1000, na makosa ya kipimo ni kama 90 kila upande.

Nikaandika kwenye daftari: *Jua, yaelekea*. Nikaongeza alama ya kuuliza, nikaomba darubini iitazame tena Alhamisi kwa masafa ya chini zaidi. Kisha nikazima taa, nikiyaacha maonyo yakiendelea kutiririka kwenye skrini.