Intaneti imetulia, alhamdulillahi

Wana Tanga, leo nimepumua.

Kwa muda sasa kompyuta yetu hapa Raskazone inakata intaneti, inarudi, inakata tena. Binti yangu anasoma kozi mtandaoni; mwalimu yuko katikati ya maelezo, kimya! Mtoto ananitazama tu. Inauma.

Ila simu zilizounganishwa na ruta ileile, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, hazikuwa na shida. Hilo likanifikirisha.

Asubuhi nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika ping 192.168.1.1 -t, kompyuta iiite ruta mfululizo. Majibu yakaja chini ya milisekunde 1, mistari imepangana vizuri. Mara ruta haijibu. Ikarudi. Haijibu tena.

Kama kompyuta haiifikii hata ruta iliyo chumba cha pili, kumlaumu mtoa huduma ni kumwonea.

Nikachomoa kebo inayounganisha kompyuta na ruta. Jamani! Kile kichwa cha plastiki kina pini 8 za rangi ya dhahabu. Mbili zimeota kutu ya kijani, ileile inayokula vitasa vyetu huku pwani. Kebo inapita chini ya dirisha linalotazama bahari, upepo wa chumvi unaipiga mchana na usiku.

Fundi kutoka Ngamiani amekata kichwa cha zamani, akapanga nyaya kwa rangi zake, akabana kipya.

Tangu adhuhuri hakuna jibu lililopotea. Binti kamaliza kipindi chote, anacheka.

Mnaokaa karibu na bahari, kebo zenu mnazikinga vipi na chumvi? Nielekezeni, nataka kuvuta nyingine hadi sebuleni.