Nilivyomsafirisha mama kwenda Mumbai akiwa hawezi kutembea

Mama yangu ana kisukari, na nyonga yake ya kulia ilikuwa imesagika kiasi cha kushindwa kusimama hata kusubiri chai ichemke. Tukaamua akafanyiwe upasuaji Mumbai. Viza ya matibabu, yake na yangu kama msindikizaji, haikunisumbua kama nilivyodhani. Kilichoninyima usingizi ni ndege. Mtu wa hivyo anapandaje zile ngazi?

Wakala wa tiketi aliniambia, "Nimeshaweka wilichea, dada, ondoa shaka." Nikamuuliza, ipi? Maana ziko za aina tatu, na kila aina ina alama yake ambayo mashirika ya ndege yanaielewa dunia nzima. WCHR ni ya mtu anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege, ila mwendo mrefu wa uwanjani unamshinda. WCHS ni ya asiyeweza ngazi, lakini akifikishwa mlangoni atajikongoja hadi kwenye siti. WCHC ni ya yule asiyejiweza kabisa, wa kupelekwa mpaka anapokaa. Wakala alikuwa ameweka ya kwanza. Nikamwomba abadilishe iwe ya tatu, kisha nikapiga simu shirika lenyewe wathibitishe kwamba wanaiona kwenye tiketi. Mashirika mengi hutaka taarifa hiyo saa 48 kabla ya safari, kwa hiyo usingoje ufike kaunta.

Faida yake niliiona tulipobadilisha ndege huko Ghuba. Ndege ilisimama mbali na jengo, abiria wakashushwa kwa ngazi na kupakiwa kwenye basi. Sisi tuliletewa gari lenye chumba kinachonyanyuliwa hadi usawa wa mlango. Mama akatolewa amekaa. Nyuma yetu kulikuwa na mzee mmoja ambaye naye aliombewa kiti, ila kwa ile alama ya kwanza. Kwenye karatasi zao huyo anaweza ngazi. Wanawe walimshusha kwa kumshika makwapa, na kila kipandio anaguna. Mpaka leo nikimkumbuka nawakasirikia mawakala.

Jambo jingine: abiria wa wilichea huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Ukiunganisha ndege kwa saa moja utaachwa. Nilichagua tiketi yenye mapumziko marefu, ingawa kulikuwa na nyingine ya haraka zaidi na ya bei nafuu.

Ndani ya ndege kile kiti cha kawaida cha magurudumu hakipiti. Kuna kingine chembamba cha mikanda, kinachopita katikati ya siti. Mkono wa siti ya upande wa njia unaonekana kama haukunjuki, lakini mara nyingi chini yake, karibu na bawaba, kuna kitufe kilichojificha. Ukikibonyeza unanyanyuka, na mgonjwa anahamishwa kwa kutelezeshwa badala ya kubebwa. Siti za mlango wa dharura zina nafasi nzuri ya miguu, ila usiziombe. Haziruhusiwi kwa mtu asiyeweza kujiokoa. Na wahudumu watamsaidia mgonjwa kufika mlango wa choo, lakini huko ndani ni wewe. Mama alikuwa akinong'ona, "Mwanangu, funga mlango watu wasione," na mlango wenyewe haufungiki tukiwa wawili.

Insulini nilibeba mkononi, pamoja na barua ya daktari ya Kiingereza inayotaja dawa zote. Kwenye mizigo ya chini baridi inaweza kuigandisha, na ikishaganda haifai tena. Ile sheria ya kutobeba mkononi chupa ya kimiminika inayozidi mililita 100 haizibani dawa anazohitaji mgonjwa safarini, mradi uzitoe na kuzionyesha mwenyewe kabla hujaulizwa.

Kurudi ndiko kulikotaka makaratasi. Aliyetoka kwenye upasuaji mkubwa wa mguu au nyonga ana hatari ya damu kuganda miguuni akikaa saa nyingi bila kujinyoosha, na hewa ya ndani ya ndege inaweza kuwa nyepesi kama ya mlimani, hadi mita 2,400 hivi, juu kabisa kuliko Lushoto. Shirika likatupa fomu ya kitabibu iitwayo MEDIF, daktari wa upasuaji akaijaza na kusaini kwamba anafaa kuruka. Tulikuwa tumemwomba tarehe kabla ya kukata tiketi ya kurudi, si baada.

Safari hii mama alikuwa anatembea na fremu, basi nikaomba WCHS. Kwenye ukaguzi mashine ikalia kwa sababu ya chuma cha nyonga mpya. Mwanamke wa usalama akampeleka pembeni na kumpapasa kwa mkono. Mama akamwonyesha kovu bila kuombwa, kisha akaulizia duka la manukato liko wapi.