Hatusumbui kabisa

Wiki hii mdogo wangu kajifungua salama na sisi tumemaliza kuhama, lakini kichwani mwangu yamejaa maneno ya mwalimu wa binti yangu Kitinda tu.

Nilikwenda kumchukua, nikauliza kama kawaida, "Mwalimu, ameshindaje leo?" Akatabasamu. "Huyu hatusumbui kabisa, mama. Akishakaa kwenye kona yake, hata tunasahau kama yupo."

Alikuwa ananisifia mtoto. Najua hivyo, maana sauti ilikuwa ya upendo na mkono wake ulikuwa begani mwangu. Nikamshukuru. Njia nzima nikawa nayarudia: tunasahau kama yupo. Usiku nikayatamka kwa ile sauti yake ya upole, labda yatapoa. Hayakupoa. Mtoto wa miaka minne, mzima, mwenye macho yale, anasahaulikaje?

Ninyi mnamjua Kitinda. Mnakumbuka vifuniko vya chupa anavyovipanga kwa rangi, na jinsi anavyokariri tangazo zima la redio, ila ukimuuliza "unataka maji?" anakurudishia maneno hayo hayo, "unataka maji?" Ukimwita jina hageuki. Redio ikiwashwa chumba cha pili, anakuja mbio.

Baba yake hataki tuanze mambo ya uchunguzi wa usonji (autism), hali inayomfanya mtoto awasiliane na wengine kwa namna tofauti. Si ukaidi, ni hofu. "Akishaandikiwa hilo jina, watu wataliona kabla ya kumwona yeye." Hoja hiyo nimelala nayo na kuamka nayo, na ina uzito wake. Ila mwalimu amenijibia bila kujua: hata jina bado hajapewa, na tayari hawamwoni.

Nimesoma, nikatulia kidogo. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayotumika kuthibitisha usonji. Wataalamu hukaa na wazazi, wakauliza mtoto alivyokua tangu uchanga, wakamtazama anavyocheza na anavyowasiliana. Masikio nayo hupimwa, isije ikawa mtoto hasikii vizuri. Hilo la masikio baba yake ameliafiki, kwa hiyo tutaanzia hapo. Kilichonichoma ni habari za wasichana. Daktari wa akili za watoto aitwaye Leo Kanner alipoandika makala yake ya mwaka 1943 kuhusu usonji alieleza watoto 11, na wasichana walikuwa 3 tu. Mpaka leo wasichana wengi huchelewa kutambuliwa, hasa wale wapole, wasiopiga kelele wala kuvunja kitu. Wasiosumbua.

Halafu jana jioni Kitinda akanishika kidole, akanivuta mpaka sakafuni, akaniwekea kifuniko chekundu kiganjani. Akasubiri! Nikakiweka mwishoni mwa mstari. Akakitoa, akanirudishia. Nikakiweka pamoja na vyekundu vingine, akarukaruka akipunga mikono, kisha akanipa kingine. Tulicheza hivyo mpaka giza likaingia, hatukusemezana hata neno moja, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Baba yake alisimama mlangoni kwa muda, akavua viatu, akaja kukaa nasi. Yeye alipewa cha bluu.

Jumatatu nitapiga simu kuomba miadi. Furaha ya jana haikunirudisha nyuma. Mtoto anaweza kuwa na usonji na bado akakuvuta ukae karibu naye, na mimi nataka wengine nao wajifunze namna ya kukaa karibu naye. Nitaanza na mwalimu, sitasubiri majibu. Nitambebea mfuko wa vifuniko, nimwonyeshe: akikupa, kiweke na rangi yake, kisha subiri.

Baba yake ameuliza simu nitapiga saa ngapi. Sijui kama anataka kuwepo au anataka kutokuwepo. Nimemwambia asubuhi.

Kazini nako, mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Mwenzangu wa meza ya jirani ameshaitwa kusaini mpya. Mimi bosi alinipita kwenye korido, akanisalimia vizuri tu, akaingia ofisini na kufunga mlango.