"Utajua tu" hakukunisaidia: nilivyoutambua uchungu wa kweli

"Uchungu ukianza utajua tu." Nimeambiwa hivyo na shangazi, na majirani, na hata dada niliyekaa naye benchi moja kliniki. Mimi sikujua. Mpaka leo neno hilo linaniudhi, maana mimba ya kwanza utaujuaje uchungu ambao hujawahi kuuona?

Wiki ya 38, usiku, tumbo likakaza likawa gumu kama jiwe. Likalegea, likakaza tena. Tukabeba begi, tukakodi gari kwa bei ya usiku bila hata kubishana. Mkunga akanipima: njia haijafunguka hata kidogo. Kufika alfajiri tumbo limetulia kimya, nami nikarudi nyumbani nalia.

Mkunga yule hakunicheka. Aliniambia, "Mama, huo ni uchungu wa uongo, na mwili wako haujakosea, unajiandaa." Akanifundisha kuutofautisha. Wa uongo huja ovyo, na mara nyingi ukitembea, ukigeuka au ukinywa maji hupungua. Wa kweli haujali umekaa au umesimama: unakaribiana, unarefuka, unazidi kuuma. "Chukua daftari uandike," akasema.

Daftari hilo ndilo lililoniokoa. Safu mbili tu: umeanza saa ngapi, umeachia saa ngapi. Siku ya kwanza ya kujaribu, mume wangu alihesabu kuanzia pale uchungu unapoachia mpaka unaofuata uanze, akasema ni dakika 7. Mimi nilihesabu mwanzo kwa mwanzo, nikapata 8. Tukabishana kweli kweli, kumbe hesabu ya wakunga ni mwanzo kwa mwanzo. Jioni hiyo namba zilikuwa 8, kisha 20, kisha 11, kisha hakuna kitu. Nilipoziona zimeruka hivyo nikalala usingizi mzito, kwa ubavu wa kushoto.

Wiki ya 40 na siku 3 nikaona ute mzito wenye michirizi ya damu. Sikukimbia, kwa sababu baada ya huo leba inaweza kuchukua hata siku kadhaa. Usiku namba zikaanza kusema: 12, 10, 9, 7. Nikaoga maji ya uvuguvugu, na tumbo halikujali. Zilipofika dakika 5 kwa saa nzima, kila uchungu ukikaa kama dakika moja, tukaondoka. Nilipopimwa njia ilikuwa imefunguka sentimita 6!

Lakini daftari ni la mambo yanayokwenda sawa. Chupa (mfuko wa maji ya mtoto) ikipasuka, damu ikitoka kama ya hedhi, mtoto akipunguza kucheza, au kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, usihesabu chochote, nenda. Anayekaa mbali na hospitali naye asisubiri dakika 5.

Ushauri mwingine uliotaka kuniponza ni "lala chali utulie". Nikilala chali maumivu ya kiuno yalikuwa hayavumiliki. Nilitembea, nikaegemea ukuta, nikapiga magoti nikiwa nimeshika kitanda, na hapo ndipo nilipopata nafuu. Hamu ya kusukuma ilinijia mapema, mkunga akanizuia, akaniambia niheme kwanza mpaka njia ikamilike sentimita 10.

Mtoto alipotoka nilidhani nimemaliza. Nikachomwa sindano ya kusaidia kizazi kisinyae ili nisitokwe na damu nyingi, kisha kondo la nyuma likafuata. Miguu ikatetemeka mpaka nikaogopa, nikaambiwa huwatokea wengi. Mtoto alikuwa tayari kifuani, ngozi kwa ngozi, na ndani ya saa ile ile akanyonya.

Halafu tumbo likakaza tena! Kila akinyonya, linakaza. Ni kizazi kinarudi mahali pake, na hilo katika washauri wangu wote hakuna aliyelitaja. Baada ya siku chache likaisha.