Isipokuwa Watumishi wa Nyumbani

Jumapili ile ya Februari 2022 Shosho aliamka kabla yangu. Nilipopanda ngazi kutoka chumba changu cha chini nilimkuta jikoni, koti mabegani, bahasha ya kahawia mapajani. Theluji ilikuwa imefika kwenye kizingiti cha dirisha. Nikamwambia darasa ni saa nne, na sasa hivi ni saa kumi na mbili. "Najua," akasema. "Nivalishe viatu."

Nilikuwa nimemtunza kwa miaka miwili katika nyumba yake ya St. Louis Park, mji uliopakana na Minneapolis. Wakenya tuko wengi katika jimbo lile la Minnesota, na wengi wetu kazi yetu ni hii ya kuwaogesha, kuwalisha na kuwalaza wazee wa watu, huku wazee wetu wakitunzwa na wengine nyumbani. Alikuwa na miaka tisini. Siku ya kwanza aliniuliza kwetu mzee kama yeye anaitwaje. Nikamwambia sisi wa Nakuru tunasema Shosho. Akalirudia neno mara mbili tatu, likamkaa, na tangu hapo hakutaka nimwite vingine.

Darasa lenyewe lilikuwa la sinagogi lao, maana Shosho ni Myahudi. George Floyd, mwanamume Mweusi, aliuawa na polisi tarehe 25 Mei 2020, si mbali na pale. Waumini wengi waliingia barabarani kuandamana, wengine wakachanga pesa, kisha rabi wao, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, akawaambia kwamba sasa ni wakati wa kuketi na kusoma. Wayahudi husoma wawili wawili, wakibishana juu ya neno moja hata saa nzima. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kusukuma kiti cha magurudumu tu. Hakuna aliyeniambia ningoje nje, na juma la pili nikakuta nakala yangu mezani pamoja na za wengine.

Rabi alianza na Kumbukumbu la Torati 16:20. Biblia yangu ya Kiswahili inasema "yaliyo haki yote ndiyo utakayoyafuata." Kumbe kwa Kiebrania neno haki limetajwa mara mbili mfululizo: tzedek, tzedek. Kwa nini mara mbili? Walibishana mpaka chai ikapoa. Jibu moja la zamani ni kwamba haki nayo lazima itafutwe kwa njia ya haki. Nililiandika nyuma ya risiti ya dukani, nikalichukua nyumbani.

Majuma yaliyofuata yalikuwa ya fahari. Tulitazama picha ya Rabi Abraham Joshua Heschel akiandamana Selma, Alabama, Machi 1965, safu ya mbele pamoja na Martin Luther King, wakidai Weusi waruhusiwe kupiga kura. Mama yake na dada zake waliuawa na Wanazi. Baadaye alisema kwamba siku ile aliona kana kwamba miguu yake inasali. Tulisoma hotuba ya Rabi Joachim Prinz, aliyekuwa rabi Berlin wakati wa Hitler, akaja kusema Washington tarehe 28 Agosti 1963, muda mfupi kabla ya King, kwamba chuki si tatizo kubwa kuliko yote. Kubwa kuliko yote ni kunyamaza. Tukasoma habari za James Chaney, kijana Mweusi wa Mississippi, na Wayahudi wawili wa New York, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliouawa pamoja usiku wa tarehe 21 Juni 1964 kwa sababu ya kuwasaidia Weusi kujiandikisha kupiga kura. Miili yao ilifukuliwa Agosti katika tuta la udongo. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma sehemu hiyo alishindwa kumaliza, jirani yake akampokea karatasi.

Hapo ndipo Shosho alipoinua mkono. "Picha ya Heschel nimeitazama zaidi ya miaka hamsini," alisema. "Mimi sikwenda Selma. Nilikuwa hapa hapa."

Rabi hakumjibu mara moja. Mwisho wa kipindi akatangaza kwamba safari ijayo kila mwenye nyumba aje na hatimiliki yake ya kwanza kabisa, ile iliyoandikwa kiwanja kilipouzwa mara ya kwanza.

Sikujua anatafuta nini. Wao walijua, au wengi wao. Tangu mwaka 1910, wauzaji wa viwanja Minneapolis waliingiza kwenye hati sharti kwamba mahali hapa pasiuzwe wala kupangishwa kwa mtu mwenye damu ya Kiafrika. Wachina, Wajapani na Waturuki nao walitajwa. Hati nyingine zilikataza hata Wayahudi. Chuo Kikuu cha Minnesota kina mradi uitwao Mapping Prejudice, ambao umezisaka hati hizo moja moja na kuzitia kwenye ramani, unaona mtaa kwa mtaa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza masharti hayo, jimbo likapiga marufuku mapya mwaka 1953, na sheria ya nchi nzima ikaja Aprili 1968, wiki moja baada ya King kuuawa. Lakini maneno yenyewe yalibaki kwenye karatasi, na watu walibaki pale yalipowapanga.

Basi Jumapili ile tulikuwa kama ishirini, barakoa usoni, katika maktaba ya sinagogi. Rabi alinipanga na mwanamke mmoja Mweusi wa rika langu, na hapa lazima niseme kosa langu. Juma la kwanza kabisa nilipomwona nilifurahi, nikamsogelea na kumwuliza anamtunza nani. Alinitazama kwa upole uliochoka. "Simtunzi mtu," alisema. "Mimi ni Myahudi. Nimezaliwa katika sinagogi hili." Akaniambia kwamba tangu utotoni hakuna sikukuu inayopita bila mtu kumwuliza mlangoni amekuja na nani. Nilimwomba radhi siku ile, na nikamwomba tena Jumapili ile. Mimi mwenyewe niliyetoka mbali, ninayejua kuulizwa maswali mlangoni, nilikuwa mmoja wa wanaomwuliza.

Zamu ya Shosho ilipofika, mjukuu wake alitaka kumsomea. Akakataa. Alishika miwani kwa mkono mmoja na karatasi kwa mwingine, mikono yote miwili ikitetemeka, akasoma kwa sauti ya mwalimu, maana alikuwa mwalimu. Kiwanja kinaanzia hapa, kinaishia pale. Nyumba isijengwe kwa thamani chini ya kiasi fulani. Kisha: mtu asiye wa damu nyeupe asimiliki, asipange, asikae mahali hapa, isipokuwa watumishi wa nyumbani wa yule mwenye kukaa humo.

Alinyamaza. Akarudia maneno ya mwisho. Kisha akageuza kiti chake kwa taabu hadi akawa ananitazama mimi.

Nilihisi macho yote. Nilichofikiria kwanza ni kitanda changu kule chini, blanketi la maua nililonunua, picha ya mama ukutani. Miaka miwili nilikuwa nimelala ndani ya neno "isipokuwa."

Mtu mmoja, kwa nia njema nadhani, alisema, "Lakini hakuna aliyejua." Shosho akamkata. "Mimi nilijua." Akaeleza. Alikulia upande wa kaskazini wa Minneapolis, karibu na Plymouth Avenue, ambako Wayahudi na Weusi waliishi pamoja kwa kuwa kwingine hawakutakiwa. Mwaka 1946 mwandishi mmoja aliuita mji huo makao makuu ya chuki dhidi ya Wayahudi nchini Marekani. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa Mount Sinai, hospitali iliyofunguliwa na Wayahudi mwaka 1951 kwa sababu madaktari wao walikuwa wakinyimwa nafasi kwingine. "Sisi tulijua kukataliwa," alisema. "Halafu mlango ukafunguka kidogo, tukapita." Mumewe alikuwa mwanajeshi katika vita vya pili, serikali ilimdhamini mkopo wa nyumba. Kijana wa jirani, Mweusi, naye alitoka vita vile vile, akaenda benki na karatasi zile zile, akarudi mikono mitupu. "Dalali alituambia mtaa huu ni mzuri, majirani ni watu wa kufaa. Nilielewa maana yake. Sikuisoma hati kwa sababu nilielewa."

Rabi akaniuliza kama ningependa kusema neno, na kwamba si lazima. Nikasema. Niliwaambia kuhusu babu yangu, skwota katika shamba la mzungu karibu na Njoro. Nyanda zile zote zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya wazungu. Mwafrika aliruhusiwa kukaa humo akiwa mfanyakazi tu. Alidaiwa siku 180 za kazi kwa mwaka ili apate kulima kipande kidogo cha mahindi, na baadaye zikaongezwa. Shingoni alivaa kipande, kile kitambulisho ndani ya kikebe cha chuma. Alibeba mawe ya nyumba ya bwana yule, lakini alikufa hajawahi kuona sebule yake. Yeye naye alikuwa isipokuwa.

Yule mzee aliyeshindwa kusoma habari za Mississippi akasema taratibu, "Unajua Waingereza walitaka kutupatia sisi Wayahudi nchi yenu?" Nilikuwa najua, tulisoma shuleni. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapendekezea viongozi wa Kizayuni, Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, uwanda wa Uasin Gishu, pale Eldoret ilipo leo, wakati Wayahudi walikuwa wakichinjwa Urusi. Walituma watu wakaukague, na mwaka 1905 mkutano wao ukakataa. Nikamjibu, "Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa." Akatikisa kichwa. "Hapana. Hawakuulizwa." Hatukuongeza neno, lakini alipoinuka kwenda zake alinishika mkono kwa muda mrefu.

Mabishano yalirudi. Tangu 2019 sheria ya Minnesota inamruhusu mwenye nyumba kuandikisha tamko la kulibatilisha sharti hilo. Maandishi ya zamani hayafutwi, tamko linawekwa pamoja nayo. Baadhi walitaka fomu ziletwe siku ile ile. Yule mwanamke wa pembeni yangu aliuliza fomu hiyo itamrudishia nani nini, wakati pengo la umiliki wa nyumba kati ya weupe na Weusi katika mji wao ni miongoni mwa makubwa zaidi Marekani. Wakaanza kuzungumza juu ya mfuko wa kuwasaidia wanaonunua nyumba ya kwanza. Hawakukubaliana siku hiyo, na sikuona ajabu, maana mimi mwenyewe nilitaka vyote viwili, fomu na mfuko.

Usiku nilipomlaza Shosho aliniomba daftari lake dogo la kitambaa cheusi. Humo ameandika majina ya wafu wake na siku walizofariki, kwa sababu kila mwaka siku ile ikifika huwasha mshumaa unaowaka usiku na mchana. Akauliza babu yangu alifariki lini.

Sikujua tarehe. Nilijua mwaka tu. Kwetu kulikuwa kumepambazuka, saa kumi na mbili asubuhi, nikampigia shangazi Nakuru. Nilimsikia akipuliza moto. "Kuna nini? Nani ameuliza?" Nikamwambia, mama mmoja wa hapa. Akakaa kimya akihesabu. Ilikuwa Agosti 1979, akasema, Jumamosi, mvua ya mawe ilikuwa imepiga mahindi, na wewe ulikuwa tumboni.

Nikatafuta kalenda ya mwaka ule kwenye simu. Shosho alikuwa amekwisha vaa miwani, kalamu mkononi, akanisubiri nimtajie jina herufi kwa herufi.